Bustani Iliyochomwa Kila Jumamosi

Kila Jumamosi mchana Chileshe alirudi kutoka karakana ya reli, akavua viatu, akachukua fagio. Mkewe, Nkandu, alianza kufagia mlangoni. Chileshe alianza kwenye uzio. Walikutana katikati ya ua, na ua ukawa mwekundu na laini kama sakafu. Majani makavu ya mgomba wa jirani, maganda ya mihogo, makapi ya mahindi, nyasi: vyote vilirundikwa kwenye kona ya bustani. Kisha Chileshe aliwasha kibiriti.

Hapakuwa na ua safi kama huo katika mtaa wao wa Katuba, kando ya mji wa Elisabethville huko Kongo. Bwana wa usafi, aliyepita kila mwezi kukagua viwanja, hakuwahi kuukuta na kosa. Majivu yakishapoa, Chileshe aliyatawanya juu ya matuta kwa mikono yake, taratibu, kama mtu anayetia chumvi katika chakula.

Alizaliwa katika nchi ya Walala, karibu na Sakania. Huko, wakati wa kiangazi, wanaume hukwea miti na kukata matawi. Wanawake huyabeba matawi na kuyarundika pamoja. Rundo huchomwa kabla ya mvua, na ulezi hupandwa ndani ya majivu. Kilimo hicho huitwa kitemene. Chileshe alikuwa mkataji hodari. Kuhusu udongo alijua jambo moja, na alilijua tangu utoto: mbolea ni majivu.

Walipopewa kiwanja huko Katuba, mwaka 1952, kilikuwa kichaka kitupu. Chileshe alikikata chote, akakichoma chote. Mwaka huo maboga yalitambaa mpaka njiani, na Nkandu aligawa majani ya maboga kwa majirani kwa sababu walishindwa kuyamaliza. Mwaka wa pili mavuno yalipungua. Mwaka wa tatu mahindi yalifika magotini, yakakauka. Sasa ilikuwa Julai 1955. Bustani ilikuwa na mabua manane na udongo mgumu kama tofali.

Chileshe hakuelewa. Mbegu ni zile zile. Mvua haikukosekana. Jembe ni lile lile. Alidhani ni moshi wa kiwanda cha shaba cha mjini. Lakini moshi huo ulipita pia juu ya bustani ya Mama Alima, jirani yao, na bustani hiyo ilikuwa ya kijani hata wakati wa baridi. Kwa hiyo akaongeza majivu.

Jioni moja walikula nje mapema. Jua lilikuwa limetua, lakini mtu aliweza bado kuona sahani yake. Binti yao wa miaka minne, aliyeitwa Mimi, alinyoosha mkono kuchukua bukari, yaani ugali. Mkono ulipita pembeni ya sahani, ukaingia vumbini.

"Mimi, unacheza na chakula?" Nkandu aliuliza.

"Bukari iko wapi, mama?"

"Iko mbele yako."

Mtoto alipapasa tena. Nkandu alipitisha vidole mbele ya uso wake. Macho hayakuvifuata.

"Baba Mimi, huyu mutoto haone."

"Asubui alinihesabia kuku za jirani," Chileshe alisema. "Zote sita. Na jogoo."

"Asubui, ndiyo. Sasa haone."

Kesho yake asubuhi Mimi aliona tena. Aliona sindano chini ya kitanda. Jioni hakuona mlango. Chileshe alijua kwamba kuna macho yanayoona na macho yasiyoona. Hakuwa amesikia juu ya macho yanayofanya kazi kwa zamu, kama watu wa kiwandani.

Walimpeleka zahanati. Muuguzi aliitwa Kalaba. Alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, na aliuliza maswali mafupi.

"Mutoto anakula nini?"

"Bukari," Nkandu alijibu.

"Na nini?"

"Na makayabo." Hao ni samaki wa chumvi.

"Kesho yake?"

"Bukari na makayabo."

"Majani?"

Nkandu alimtazama mumewe.

"Bustani imekufa," Chileshe alisema. "Na kule kazini banasema mufanyakazi wa karakana hapaswe kula majani sawa mbuzi."

"Mbuzi inaona mangaribi," Kalaba alisema. "Mutoto wako haone. Uchague."

Kisha akaeleza. Jicho lina chakula chake. Chakula hicho kimo katika majani ya kijani kibichi: lengalenga, ambayo ni mchicha, matembele, majani ya maboga, na sombe, yaani kisamvu. Kimo pia katika maboga na mapapai yenye rangi ya manjano. Mtoto asipokipata kwa muda mrefu, huanza kushindwa kuona jioni. Baadaye jicho hukauka. Mwishoni hupata kidonda.

"Kikifika kidonda," Kalaba alisema, "hata dokta mukubwa hawezi kurudisha macho."

Alimpa Nkandu chupa ndogo ya mafuta ya samaki, kijiko kimoja kila siku kwa siku kumi. Siku ya tano, jioni, Mimi alikwenda mwenyewe mpaka kwenye sahani. Chileshe alicheka, akamrusha juu. Ugonjwa umekwisha, alisema. Sufuria ya Nkandu iliendelea kupika bukari na makayabo.

Mwanzoni mwa Septemba Mimi aligonga ukuta wa jiko jioni. Hakulia. Alisimama tu, akaweka mkono juu ya ukuta, kama mtu anayeuliza huu ni nini.

Hapo Chileshe alichanganyikiwa kabisa. Dawa ilikuwa imeponya. Sasa ugonjwa umerudi. Kama dawa ni ya kweli, mbona imeshindwa? Kama ni ya uongo, mbona mtoto aliona mwezi mzima? Alirudi zahanati na maswali hayo mawili.

"Mafuta yalifanya kazi yao," Kalaba alisema. "Yamekwisha mwilini. Ungetia mafuta mu taa mara moja, ungetaka iwake mwaka muzima?"

Aliinua kope ya Mimi, akamwita Chileshe karibu. "Angalia hapa, pembeni. Unaona alama nyeupe, kama povu kidogo? Kunaanza kukauka."

Chileshe aliona. Alitamani asingeona.

"Nitamupa mafuta tena siku kumi," Kalaba alisema. "Lakini dawa yenyewe inapaswa kutoka mu sufuria yenu. Majani kila siku. Sikusema kila juma. Kila siku."

Njia nzima Chileshe aliwaza. Mtoto anataka majani. Majani yanataka bustani. Bustani inataka majivu. Majivu ya fagio ni machache. Kwa hiyo yanatakiwa majivu mengi, na majivu mengi yanataka matawi. Kila hatua ya wazo hilo ilifuata ile iliyotangulia vizuri. Moja tu katikati ilikuwa mbovu, na hiyo ndiyo aliyoiamini kuliko zote.

Katuba hapakuwa na miti tena. Lakini barabara kubwa za mjini Elisabethville zilikuwa na mijakaranda pande zote mbili. Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani, Chileshe alichukua shoka, akaenda, akakwea. Mikono yake ilikuwa haijasahau kitu. Alikuwa ameangusha matawi kumi na moja mlinzi alipofika kwa baiskeli.

"Weye kule juu! Unatafuta nini?"

"Majivu," Chileshe alijibu.

Mlinzi alitazama mti, akatazama ardhi iliyojaa maua ya zambarau. "Majivu iko mu muti?"

"Kisha kuchoma."

"Nani alikutuma kuchoma miti ya Leta?" Leta ndiyo serikali.

"Hakuna. Ni juu ya macho ya mutoto."

Mlinzi aliegemeza baiskeli yake polepole. "Nielewe vizuri. Umepanda muti, juu ya majivu, juu ya macho ya mutoto."

"Ndiyo."

"Umekunywa asubui hii?"

"Hata maji sikunywa."

Mlinzi hakujua aandike nini katika daftari lake. Angekuwa mwizi wa kuni, angemwelewa. Angekuwa mlevi, angemwelewa pia. Alimshusha Chileshe, akamfuata mpaka Katuba ili ahakikishe kwamba nyumba ipo na mtoto yupo. Nkandu alikuwa mlangoni.

"Mama, huyu ni bwana yako?"

Nkandu alitazama shoka, suruali iliyochanika, na maua ya zambarau katika nywele. "Leo sijajua bado," alisema.

Mlinzi alimwona Mimi, akaona kwamba mtoto yupo kweli. "Mara ingine ninamupeleka polisi," alisema, akaondoka.

Upande wa pili wa uzio wa matete mtu alikuwa akicheka. Alikuwa Mama Alima. Yeye na mumewe, fundi cherehani Nasoro, walikuwa Waislamu wa Maniema, kutoka Kasongo. Kila asubuhi alikaanga vitumbua uani. Sasa aliweka mwiko chini, akafuta mikono, akaja kwenye uzio.

"Shemeji, sasa unaiba matawi ya Wazungu?"

"Bustani inataka majivu, Mama Alima."

"Bustani yako imekula majivu miaka mitatu. Imenona?"

Nkandu alijibu kwa ajili ya mumewe. "Imekonda sawa mbwa."

"Mungoje, ninakuja huko," Mama Alima alisema. "Na wewe, shemeji, lete kikombe cha maji."

Alizunguka uzio, akaanza na bustani ya Chileshe. Alimimina nusu ya kikombe juu ya tuta. Maji yalisimama kidogo, yakateleza, yakalowesha kidole cha mguu wa Chileshe. Kisha akawapeleka kwenye bustani yake, akamimina nusu iliyobaki kati ya lengalenga. Maji yalizama kabla hajainua kikombe.

Chileshe aliinama, akashika udongo huo. Ulikuwa mweusi na mwepesi. Alishika nao nyuzi za mizizi na mnyoo mmoja mwekundu. Alijaribu kukumbuka lini aliona mnyoo katika bustani yake.

"Mama, udongo huu umetoka wapi?"

"Ni ule ule wako. Viwanja vinagusana. Kule kwenu, kwa shamba moja la kitemene, munakata miti ya nafasi gani?"

Hapo Chileshe alikuwa mtaalamu. "Kwa shamba moja, matawi ya mashamba saba. Nane, kama miti ni midogo."

"Na munalima hapo miaka mingapi?"

"Mitatu. Mine. Udongo ukichoka, tunahama. Tunaacha miti irudi. Miaka makumi mawili, zaidi."

"Sawa. Hapa miti ya mashamba saba iko wapi?"

"Hakuna."

"Na wewe utahamia wapi?"

Chileshe aliinua macho. Nyuma ya uzio wake kulikuwa na uzio wa jirani, na nyuma ya huo uzio mwingine.

Mama Alima alieleza bila haraka. Kitemene si kosa. Ni kazi nzuri mahali penye msitu mkubwa na watu wachache. Majivu hutia nguvu udongo kwa muda mfupi, kisha mvua huyafukuza. Mwaka wa kwanza Chileshe alichoma kichaka kizima, ndiyo sababu maboga yalifika njiani. Baada ya hapo alichoma kilichotoka chini ya fagio tu. Na kilichotoka chini ya fagio kilikuwa chakula cha udongo. Majani yakioza ndani ya udongo, udongo hushika maji na kulisha mizizi. Yakichomwa, hubaki majivu kidogo kama ya sigara.

"Kila Jumamosi umekuwa ukichoma chakula cha bustani," alisema, "kisha unashangaa bustani ina njaa."

Jambo ambalo Chileshe alilijua kuliko yote lilikuwa la kweli kule na si la kweli hapa. Alitafuta mahali pa kulipinga, akapata moja.

"Kama sichome, bwana wa usafi ataniandika. Yeye anasema takataka ziondoke. Wewe unasema zibaki. Nimufuate nani?"

"Wote wawili."

"Namna gani, wote wawili?"

Mama Alima aliwapeleka nyuma ya mgomba. Chileshe hakuona kitu ila ardhi iliyoinuka kidogo. Mama Alima alichomeka kijiti, akainua udongo. Chini palikuwa na shimo. Ndani yake majani yalikuwa yameoza, meusi, yana joto. Hapakuwa na harufu mbaya. Hapakuwa na hata nzi mmoja.

"Bwana wa usafi analijua shimo hili," alisema. "Alilichokonoa na fimbo yake. Shida yake ni nzi na panya. Shimo lenye kufunikwa hana neno nalo."

Akawaonyesha kazi. Shimo lenye kina cha mkono mmoja. Majani makavu chini. Juu yake maganda na mboga zilizoharibika. Juu yake mavi ya mbuzi au ya kuku. Halafu udongo wa kufunika, kila mara, bila kusahau. Maji kidogo shimo likikauka. Baada ya mwezi mmoja kuligeuza kwa jembe. Mifupa na vichwa vya samaki havitiwi, maana vinaita panya. Majivu ya jikoni yanaweza kutiwa, ukofi mmoja mmoja.

"Inachukua muda gani?" Nkandu aliuliza.

"Miezi mitatu."

Nkandu alimvuta Mimi karibu naye. "Mama Alima, macho ya huyu mutoto hayana miezi mitatu."

Mama Alima alimtazama mtoto. Alikuwa hajui habari ya macho. Nkandu alimweleza yote, mafuta, ukuta wa jiko, alama nyeupe. Mama Alima hakucheka tena.

"Shimo langu la zamani liko tayari," alisema. "Mutachukua vikapu kumi. Inatosha tuta moja. Lengalenga inaota kwa siku ine, na baada ya mwezi unachuma. Mpaka siku hiyo, kila mangaribi muje kuchuma kwangu."

"Siwezi kula bustani ya muntu mwingine," Chileshe alisema.

"Nani alikuita wewe? Nimemwita mutoto."

Chileshe aliona aibu, kisha akauliza kama Mama Alima alitaka shimo jipya lichimbwe. Alitaka. Chileshe alilichimba siku hiyo hiyo, kabla ya jua kutua, na la kwake akalichimba Jumatatu baada ya kazi.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ngumu. Ua ulifagiwa. Rundo lilikuwa tayari. Mkono wa Chileshe uliingia mfukoni wenyewe, ukatoka na kibiriti. Nkandu alisimama mbele yake na kikapu, akangoja. Chileshe alirudisha kibiriti. Alibeba majani mpaka shimoni, akayafunika, akasimama akiangalia mahali pasipo na moto. Hakuwa na hakika hata kidogo.

Walilima tuta moja tu, refu kama kitanda. Walichanganya udongo na mbolea ya vikapu kumi, wakapanda mbegu za lengalenga zilizochanganywa na mchanga ili zisianguke mahali pamoja. Kando walichomeka mashina ya viazi vitamu kwa ajili ya matembele. Walifunika udongo kwa nyasi kavu, na miche ilipotokeza Nkandu alizisogeza pembeni. Asubuhi na jioni alibeba ndoo mbili kutoka bombani. Maji yalizama.

Kalaba alikuwa amesema majani yapikwe kwa muda mfupi, na yapate mafuta au karanga, kwa kuwa mwili huchukua vizuri zaidi chakula hicho cha jicho pamoja na mafuta. Nkandu alitwanga karanga. Siku ya kwanza Mimi alitema mboga. Siku ya tatu aliomba tena. Karakana nzima ilimcheka Chileshe alipofungua chakula chake mchana.

"Karibu mbuzi," mwenzake Chomba alisema.

"Ndiyo," Chileshe alisema. "Una karanga?"

Mwezi wa Oktoba bwana wa usafi alipita. Chileshe alikuwa nyumbani, akamfuata nyuma. Ua ulikuwa na nyasi kavu kando ya miche. Kona ilikuwa na ardhi iliyoinuka. Bwana wa usafi alilizunguka shimo, akachomeka fimbo, akainama kunusa. Aliangalia tuta, ambako lengalenga ilifika kiganja kimoja.

"Unafunika kila siku?"

"Kila siku."

Aliandika neno moja katika daftari, akaenda kwenye kiwanja cha pili.

Waliporudi zahanati mwishoni mwa Oktoba, Kalaba alitazama macho ya Mimi kwa muda mrefu, la kulia, kisha la kushoto. Alama ilikuwa imepungua sana. Jicho lilikuwa na unyevu.

"Munaendelea na mafuta?"

"Mafuta yalikwisha tangu mwezi uliopita," Nkandu alisema. "Ni lengalenga tu. Na matembele."

"Musiache. Hata mutoto akiwa muzima, musiache."

Chileshe aliuliza kama sasa Mimi anaona sawasawa jioni. Kalaba alisema hilo yeye hawezi kulijua mchana, zahanati ikiwa na jua madirishani. Waangalie wenyewe.

Waliangalia. Lakini mtoto mwenye nyumba ndogo huijua nyumba yake kwa mikono. Alifika kwenye sahani; huenda aliiona, huenda aliikumbuka. Chileshe hakuweza kujua, na jambo hilo lilimsumbua kwa siku nyingi.

Katikati ya Novemba mvua kubwa ya kwanza ilinyesha mchana kutwa, ikakatika jioni. Ardhi ya Katuba ilitoa kumbikumbi. Walitoka kila mahali, maelfu, na mabawa yao dhaifu. Watoto wa mtaa mzima walitoka na bakuli, maana kumbikumbi wa kukaanga ni kitoweo ambacho hakuna mtu wa nchi hiyo anayekikataa. Chileshe alikaa mlangoni. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo tu, na yeye mwenyewe aliwaona wadudu hao kama vumbi.

Mimi alikuwa na kikombe. Alikimbia, akasimama, akashika kitu hewani. Akakimbia tena, akakata kona mbele ya tuta bila kulikanyaga, akashika kingine. Nkandu alikuwa ametoka jikoni na kikaango mkononi.

Mtoto alikuja mpaka kwa baba yake, akanyoosha vidole viwili kwenye kola ya shati lake.

"Usitikisike, baba. Iko moja hapa."

Chileshe hakuwa amemwona mdudu huyo. Mimi alimchukua kumbikumbi kwa bawa lake moja, akamtia katika kikombe, akageuka kutafuta mwingine.